Kuingoja Gliseroli Itulie

Napima muda ambao molekuli za gliseroli, kimiminika kizito, huchukua kutulia, yaani kujipanga upya uga wa umeme unapobadilika, kadiri joto linavyoshuka. Saa 2 asubuhi ni kupangusa tu. Elektrodi mbili zilizopakwa dhahabu, kipenyo milimita 20, husuguliwa kwa asetoni, kisha ethanoli, kisha zinakaushwa. Alama ya kidole ina chumvi, na ioni za chumvi hiyo hudai deni lake usiku.

Saa 3. Gliseroli imekaushwa kwa vakyumu, maana hunyonya unyevu hewani, na maji kidogo tu huzifanya molekuli zitulie upesi hata ukadhani umegundua jambo. Tone moja linatosha. Vipande vya uzi wa silika wa mikromita 100 vinazuia elektrodi, yaani sahani zetu mbili, kugusana. Sahani ya juu ilazwe kwa kuinamishwa, hewa ipate pa kutokea. Sahani hizo na nafasi kati yake ni kapasita, kihifadhi chaji; ikiwa tupu ni pikofaradi 28. Ikijaa, kwenye joto la chumba, isome karibu 1,200 kwa kilohezi 100. Ikipungukiwa sana, kuna kiputo. Fungua, anza upya.

Kupoza kwa gesi ya nitrojeni hadi mchana: hakuna la kusimulia. Kwenye kelvini 240 mkunjo mzima, yaani upotevu wa nishati katika kila masafa ya umeme, huisha kwa dakika chache.

Jioni, kelvini 195. Hapa ndipo siku inaponata. Joto la kugeuka kioo, yaani kimiminika kuwa kigumu bila kuwa fuwele, ni karibu kelvini 190, ambapo molekuli huchukua takriban sekunde 100 kutulia, na kila kelvini 3 au 4 za kushuka huzidisha muda huo mara kumi. Kilele cha upotevu kimehamia chini ya hezi 1, na ili kuuona mteremko wake wa kushoto lazima ufike milihezi 1. Wimbi moja la milihezi 1 ni sekunde 1,000. Nukta tano za mwisho za mkunjo, wimbi mojamoja, zinakula dakika 40. Ukitaka wastani wa mawimbi mawili, zidisha. Na mkia wa kushoto ukianza kupanda badala ya kushuka, ni zile ioni za asubuhi.

Sijui ni saa ngapi sasa. Tangi la nitrojeni linakaribia kuisha, na kulibadilisha hupandisha joto. Kelvini 1 tu ikiteleza, muda wa kutulia unakaribia kupungua nusu, na nukta iliyokuwa ikipimwa haifai tena. Afadhali kubadilisha sasa, kungoja joto litulie ndani ya kelvini 0.1, kisha milihezi 1 ianze upya.