Udahili Wakati wa Vita
Wanafunzi wa udaktari wanaoteremka kilima cha Bugando hapa Mwanza, makoti meupe mkononi, hunifanya nifikirie jinsi vita vinavyovuruga udahili. Mwaka 1943, vyuo vya Marekani vikiwa vimepoteza vijana wengi kwa jeshi, Jeshi la Wanamaji lilianzisha mpango wa V-12 katika vyuo 131, ambako vijana zaidi ya 125,000 walisomeshwa kwa gharama ya serikali, wakivaa sare hata darasani, ili waandaliwe kuwa maofisa. Vyuo vidogo vilinusurika kwa fedha hizo. Mpango kama huo wa jeshi la nchi kavu, ASTP, uliosomesha vijana fani kama uhandisi, ulipunguzwa mno mwaka 1944, na wanafunzi wengi wakapelekwa vitani wakiwa askari wa kawaida. Kwa maoni yangu, kijana aliyeahidiwa uhandisi alistahili kuachwa ahitimu kwanza.