Masika, kipupwe, vuli na kiangazi: ni mikoa ipi ya Tanzania inayoipata misimu yote minne?

Kalenda ya masika, kipupwe, vuli na kiangazi imezoeleka kiasi kwamba wengi wanaichukulia kuwa ya nchi nzima. Si ya nchi nzima. Zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania Bara haina vuli wala masika. Ina mvua moja tu, inayoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huiita mvua za msimu, na huitolea utabiri wake peke yake. Anayepanga kilimo, ujenzi au safari ya Dodoma kwa kalenda ya Dar es Salaam atapishana na mvua.

Tofauti inatokana na ukanda wa mvua unaolifuata jua. Jua la utosi hupita ikweta mwezi Machi na Septemba, na mvua hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Kaskazini mwa nchi ukanda huo hupita mara mbili: ukiteremka kusini kati ya Oktoba na Desemba unaleta vuli, ukirudi kaskazini kati ya Machi na Mei unaleta masika. Kusini na katikati ya nchi hakuna kupita mara mbili, kwa sababu hapo ndipo karibu na mwisho wa safari yake. Unafika, unazungukazunguka hadi Machi au Aprili, kisha unaondoka.

Kati ya vipindi hivyo upepo ndio unaoamua. Januari na Februari ni kaskazi, upepo mkavu unaoshuka sambamba na pwani. Hicho ndicho kiangazi cha pwani. Kuanzia Juni ni kusi, unaotoka kusini ambako wakati huo ni majira ya baridi. Hicho ndicho kipupwe.

Mahali ambapo misimu minne inaonekana wazi kuliko kwingine ni Arusha, Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Manyara. Masika hufikia kilele Aprili. Juni hadi Agosti mvua hukatika tambarare na baridi huingia: usiku wa Julai mjini Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi. Kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, Machame na Marangu, kipupwe hakina jua la kutosha. Wingu hukaa juu ya migomba tangu alfajiri, manyunyu hayalowanishi udongo lakini yanazuia kahawa na nguo kukauka, na ukiteremka hadi Moshi mjini unakuta ardhi kavu kabisa. Vuli ya huko ni fupi, Novemba na Desemba, kisha joto kavu la Januari na Februari linafunga mzunguko. Same, iliyo upande ambao Milima ya Pare inauzuilia mvua, ina umbo hilohilo la mwaka lakini mvua yake ni haba, hivyo vuli ikiyumba kidogo tu hakuna kinachovunwa.

Pwani ya kaskazini inafuata: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Misimu minne ipo, ila mipaka yake ni laini zaidi. Dar es Salaam, Februari mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku haushuki sana chini ya 24. Julai mchana ni 28 au 29, na usiku hushuka hadi 18 au 19. Kinachotofautisha hasa ni unyevu wa hewa na usiku wenyewe, maana mchana wa kipupwe bado una jua kali. Mvua ya Aprili peke yake ni karibu robo ya mvua ya mwaka mzima. Tanga na Pemba hupata manyunyu hata Julai, kwa kuwa kusi inagonga ufuko ikiwa imebeba unyevu wa bahari, na Milima ya Usambara Mashariki, hasa Amani, haina mwezi unaostahili kuitwa mkavu.

Ukanda wa Ziwa Victoria una mvua mbili, lakini misimu minne hapo nasita kuihesabu. Ziwa lenyewe linatengeneza mvua: usiku hewa ya nchi kavu inasukumwa ziwani, inapanda, na radi za alfajiri zinapiga upande wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Januari yake bado ina mvua ya kutosha kuotesha maharage. Kiangazi cha Januari na Februari kinamezwa. Kinachobaki ni kipindi kirefu cha mvua chenye vilele viwili, na ukavu wa Juni hadi Agosti. Kusini mwa ziwa, Shinyanga na Simiyu, nako vilele viwili vinakaribiana mno hivi kwamba miaka mingine huoni pengo.

Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara ni za mvua moja. Huko mwaka unagawanyika mara tatu: mvua, kisha ukavu wa baridi wa Mei hadi Agosti, kisha ukavu wa joto wa Septemba hadi mvua ianze. Joto la juu la Dodoma huja Oktoba na Novemba, si Februari kama pwani. Nyanda za juu kusini ndizo zenye baridi halisi. Makete na Njombe umande huganda alfajiri za Juni na Julai. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kutuama mabondeni, kwa hiyo viazi vya bondeni huungua majani huku vya mteremkoni, mita chache juu, vikisalimika.

Mtwara na Lindi huwachanganya watu kwa sababu mvua hulegea Februari. Pengo hilo ni la wiki mbili au tatu tu, na halifanyi misimu miwili. Dodoma nako hutokea, na hapo ndipo mahindi yakiwa yanatoa mbelewele huishia kuwa na magunzi yasiyo na punje. Mtama na uwele huvumilia.

Mikoa miwili imekatwa katikati: Morogoro, ambayo kaskazini yake ina vuli na masika huku kusini ikiwa na msimu mmoja, na Kigoma, ambayo wilaya zake za kaskazini, Kibondo na Kakonko, zinahesabiwa pamoja na mvua mbili.

Hata palipo na misimu minne, vuli ndiyo dhaifu. Inategemea sana joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Maji yakiwa moto upande wetu wa Bahari ya Hindi, au El Niño, yaani joto la ziada la maji ya Pasifiki, ikiwa na nguvu, vuli hufurika, kama 1997, 2019 na 2023. Hali ikigeuka, inashindwa: mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Kwa hiyo shamba la vuli lipandwe mbegu za muda mfupi, maharage ya siku 70 hadi 90 au mahindi ya siku 90 hadi 100, na mbegu ndefu zisubiri masika.

Kama uko mpakani mwa kanda hizi, pima mwenyewe. Kipimo cha mvua kikae wazi, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo, na kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, hata kama kimekauka. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Jumlisha kwa mwezi: mwezi wenye chini ya milimita 60 uhesabu mkavu. Ukipata ukavu mara mbili, uliotenganishwa na mvua pande zote, una misimu minne. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu El Niño moja inaweza kuziba Januari yote. Linganisha na wastani wa miaka 30 wa kituo kilicho karibu nawe. Na usipande kwa mvua ya kwanza. Kanuni inayotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukavu wa zaidi ya siku 7 hadi 10 katika mwezi unaofuata. Sehemu hiyo ya pili huwezi kuipima kabla, ndiyo maana utabiri wa siku 10 wa TMA usomwe siku ileile kipimo kinapofika 20.