Bahari juu ya milima

Mbeya, Julai. Upepo unashuka kutoka mlima Loleza, mkavu na wa baridi, na mawazo yangu yote yako kwenye onesho la hapa hapa, okestra na piano zikipiga muziki wa bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, lakini umbali si kizuizi. Mtunzi Mfaransa Debussy alianza kutunga La mer (Bahari), muziki wa okestra, mwaka 1903 akiwa Burgundy, bara kabisa, kwenye nchi ya mizabibu. Huku kwetu kinachokosekana ni unyevu. Ule ule ambao pwani wanaulalamikia kwa kutu, huku piano inaulilia.

Piano ina nyuzi zipatazo 230, zinazovuta fremu ya chuma kwa karibu tani 20. Kiangazi ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, hukauka na kunywea, nyuzi zikalegea. Masika hufura, sauti zikapanda. Tena hazilegei sawasawa. Zilizo chini kidogo ya katikati ya kinanda ndizo hushuka zaidi, na ndipo mkono wa kushoto unaposukuma mawimbi katika Une barque sur l'océan (Mashua baharini), muziki wa piano wa Ravel. Noti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Mmoja ukishuka kidogo tu, halafu pedali ikanyagwe, wimbi linatetema kama kengele yenye ufa, na piano hapo iko peke yake, hakuna wa kuisitiri.

Kwa hiyo piano iingie ukumbini siku 4 au 5 kabla ya onesho, mbali na dirisha la jua. Beseni la maji liwe chini yake, na kipimo cha unyevu kisome asilimia 45 hadi 50. Kama A, noti ambayo ala zote hulinganishwa nayo, imeshuka hadi mitetemo 435 kwa sekunde, usitafute 440 safi kwa mpigo mmoja: ukifika nyuzi za juu, zile za mwanzo zimeshashuka tena, kwa kuwa mkazo ulioongeza umeukandamiza ubao. Tyuni, yaani rekebisha mkazo wa nyuzi, haraka haraka, iache ilale, kesho yake ndipo utyuni kwa makini. Mara ya mwisho iwe saa chache kabla ya watu kuingia, taa zikiwaka.

Baridi inaigawa hata okestra. Sauti za filimbi na tarumbeta zinashuka, za nyuzi za chuma za fidla zinapanda. Wapulizaji wapitishe pumzi ya moto ndani ya ala bila kutoa sauti, dakika kadhaa, na wote wachukue A kwenye piano, maana yenyewe haiwezi kumfuata mtu.

Panaponitia hofu hasa ni mwanzo wa Four Sea Interludes za mtunzi Mwingereza Britten, vipande vinne vya okestra kuhusu bahari, vya mwaka 1945. Ni alfajiri: fidla na filimbi, juu kabisa, mstari mmoja, chini yake kimya. Ala zilezile mbili ambazo baridi inazitenganisha! Ukumbi ukiwa na ubaridi, alfajiri hiyo inapasuka vipande viwili kabla haijakucha. Mimi ningeiweka baada ya mapumziko, watu wakiwa wameshaupasha ukumbi joto kwa pumzi zao.