Sentensi ya Kinyonga

Sentensi yangu ya kwanza kwenye wiki, yaani tovuti ambayo msomaji yeyote anaweza kuihariri, ilimhusu kinyonga. Ukurasa wake ulikuwa mfupi, wa aina ambayo wahariri huiita mbegu: umbo la mnyama, macho yanayozunguka kila moja kivyake, ulimi wake, kisha mstari mmoja uliosema kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na kitu alichokalia. Basi. Mstari ule ulinikera, kwa sababu muda si mrefu nilikuwa nimesoma habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, na habari zile zilikuwa bado zimenijaa kichwani. Kinyonga hubadilika anapokutana na dume mwenzake, anapomtaka jike, anapotishwa, hata anapohitaji kuota joto. Kujificha ni sehemu tu ya habari yake.

Dada yangu mkubwa alikuwa mhariri wa siku nyingi. Nikamwonyesha nikidhani atarekebisha yeye. Akanisogezea kompyuta.

"Kitufe cha Hariri hicho hapo juu, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyesoma, wewe ndiye wa kuandika."

Nilipofungua chanzo cha ukurasa, yaani maandishi yake pamoja na alama zinazoupangilia, maneno yaliyokuwa yametulia yakageuka msitu wa mabano, alama za usawa na ritifaa ('). Dada hakunisomea mwongozo wowote. Aliniambia nichague neno ninaloliona kwenye ukurasa wa kawaida, halafu nilitafute neno hilohilo ndani ya chanzo nione limevikwa nini. Kichwa cha sehemu kimewekewa alama mbili za usawa kila upande. Neno lililokolezwa lina ritifaa tatu mbele na tatu nyuma. Kiungo kina mabano mraba mawili. Kwa namna hiyo nilijifunza haraka kuliko ambavyo ningejifunza kwa kukariri orodha, na mpaka leo mtu akiniomba nimfundishe, namwanzisha hapohapo.

Kulikuwa na jambo moja katika viungo vile lililonishika. Ukurasa ulisema kinyonga ni jamaa wa mijusi na kwamba hula wadudu, lakini ndani ya chanzo maneno yale yalikuwa yameandikwa hivi: [[mjusi|mijusi]], [[mdudu|wadudu]]. Kushoto kwa mstari wima ni jina la ukurasa unaopelekwa, kulia ni neno litakalosomwa. Lugha inayoonyesha wingi mwishoni mwa neno huziacha herufi za ziada nje ya mabano, na programu huziunganisha yenyewe. Wingi wetu sisi kwa kawaida uko mwanzoni, kwa hiyo kila neno linalobadilika kwa wingi, kama mti au mto, lazima liandikwe mara mbili. Kazi hii wahariri wa Kiswahili huifanya neno kwa neno na hakuna msomaji anayeiona. Tangu siku ile, nikikuta ukurasa mrefu wenye viungo vilivyokaa sawa, namheshimu sana aliyeketi akavipanga.

"Kabla hujagusa kitu, fungua Historia," Dada akasema.

Nikaifungua. Kila toleo la ukurasa tangu siku ulipozaliwa lilikuwa pale, na tarehe yake, saa yake, jina la aliyelihifadhi na muhtasari wa alichokifanya. Ukichagua matoleo mawili, unawekewa bega kwa bega, na kilichoondolewa na kilichoongezwa kinatiwa rangi. Niliuona mstari wa kinyonga ulivyoingia, nikaona na wengine waliopita baadaye: mmoja akarekebisha tahajia, mwingine akaongeza picha, mwingine akapanga jamii, yaani makundi ya mada, chini kabisa ya ukurasa. Hakuna aliyeuhoji. Ward Cunningham, mwandaaji wa programu kutoka Marekani, alipoifungua wiki ya kwanza, Machi 1995, aliwapa waandaaji wa programu kurasa ambazo mtu yeyote angeweza kuzibadili papo hapo, na Januari 2001 Wikipedia ikaanza kujenga kamusi elezo nzima juu ya wazo hilo. Watu wengi hustaajabu kwamba mlango uko wazi. Mimi kilichonistaajabisha ni kumbukumbu ile isiyosahau. Hofu ya kuharibu kazi ya watu ilinitoka palepale, kwa sababu Dada alinionyesha kwamba toleo la jana linarudishwa kwa kubofya tu.

Kuandika sentensi yenyewe kulinichukua muda kuliko hayo yote. Nilitaka kueleza kinachotokea ndani ya ngozi. Wale watafiti wa Geneva walichunguza kinyonga wa Madagaska anayeitwa kitaalamu Furcifer pardalis, wakakuta seli zenye fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini, zilizopangwa kwa utaratibu. Dume akiwa ametulia, fuwele hukaa karibukaribu na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye rangi ya manjano iliyo juu yake tunaona kijani. Akipandwa na hasira, nafasi kati ya fuwele hutanuka, mwanga unaorudishwa huwa wa mawimbi marefu zaidi, naye hugeuka manjano au machungwa. Ni jambo zuri ajabu, na nilitamani kulimwaga lote. Dada akanizuia mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama maneno ni yangu. Makala ya kisayansi ina haki zake, ilhali maandishi ya wiki hutolewa kwa leseni huria ili yeyote ayatumie tena, kwa hiyo huwezi kuchukua aya ya mtu ukaigawa kana kwamba ni yako. Mara ya pili aliniuliza kila neno limetoka wapi.

"Msomaji hakujui," alisema. "Hawezi kukuamini kwa sura. Mpe mahali pa kwenda kuhakikisha."

Nikaweka tanbihi: waandishi, kichwa cha makala, jarida, mwaka. Kwenye kisanduku cha muhtasari nikaandika kwamba nimerekebisha sababu za kubadili rangi na kuongeza chanzo. Nikabofya Hakiki, nikaisoma kwa sauti, nikachapisha. Sentensi ikakaa pale mbele ya macho yangu, na tarakimu ndogo ya tanbihi ikining'inia mwishoni mwake.

Jioni ukurasa wa Majadiliano ulikuwa na ujumbe. Mhariri nisiyemjua aliandika: "Ndugu, ahsante kwa chanzo. Utafiti huu ni wa spishi moja ya Madagaska. Ukurasa wetu unahusu vinyonga wote, nao wana spishi zaidi ya 200. Je, chanzo kinaturuhusu kusema hivi juu ya wote? Pia, je, hakuna kabisa wanaojificha kwa rangi?"

Damu ilinichemka kidogo. Mstari wa zamani ulikuwa umekaa muda wote huo bila chanzo hata kimoja, na leo wangu wenye tanbihi ndio unaoulizwa! Dada aliusoma ujumbe akiwa amesimama nyuma yangu, akasema tu kwamba huyu mtu amekisoma chanzo changu, na kwamba si kila siku mtu hupata msomaji wa namna hiyo. Niliurudia ujumbe polepole. Maswali yake yote mawili yalikuwa ya haki.

Nikatafuta. Nikapata utafiti wa mwaka 2008 uliochapishwa katika jarida la Biology Letters kuhusu vinyonga wadogo wa Afrika Kusini. Hao kweli hujificha kwa rangi, na cha kushangaza zaidi, mbele ya ndege hujilinganisha na mazingira yao vizuri zaidi kuliko mbele ya nyoka, kwa kuwa macho ya maadui hao wawili hayatofautishi rangi sawasawa. Kumbe mstari niliotaka kuung'oa ulikuwa na mzizi wa kweli ndani yake. Ulihitaji kuwekwa mahali pake.

Nikamjibu. Niliweka nukta pacha mwanzoni ili jibu lisogee ndani chini ya ujumbe wake, nikamaliza kwa tilda nne (~~~~), ambazo programu huzigeuza kuwa jina na saa. Nikampa chanzo cha pili na rasimu mpya ya kujadili kabla ya kuigusa makala: "Vinyonga wengi hubadili rangi ili kuwasiliana na vinyonga wengine, hasa madume wanaposhindana, na baadhi yao hufanya hivyo ili kurekebisha joto la mwili. Baadhi hubadilika pia ili kujificha, na wapo wanaojirekebisha kulingana na adui aliye mbele yao. Katika spishi moja ya Madagaska imeonekana kwamba mabadiliko hayo hutokana na fuwele za guanini zilizo katika seli za ngozi."

Alikubali, akapendekeza tu kwamba sehemu ya fuwele iwe aya yake yenyewe, chini ya kichwa cha Ngozi, ili mtu mwingine akija na utafiti wa spishi nyingine apate pa kuuweka. Wazo hilo lisingenijia. Nilichapisha toleo jipya, na kwenye muhtasari nikaandika kwamba ni kwa mujibu wa majadiliano.

Usiku huohuo akaniandikia tena. Safari hii aliniuliza kuhusu mstari wa juu yake, unaosema ulimi wa kinyonga ni mrefu kuliko mwili wake: ni kwa vinyonga wote, au kwa baadhi tu, na nani aliupima? Dada alikuwa ameshakwenda kulala. Nikafungua dirisha jingine nikaanza kutafuta.