Mti uliotishiwa panga

Muuza miche wa kando ya barabara alikataa kuniuzia mti mmoja wa amla, lile tunda chachu la Kihindi. "Mama, mmoja utakupa maua tu. Chukua miwili, tena ya mbegu mbalimbali, ipeane." Nikacheka mpaka akadhani nakwepa bei. Ipeane! Laiti angalikuwako mtaani kwetu Tudor, Mombasa, siku ile Bibi alipoinuka na panga.

Mti wenyewe ulitoka kwa Ba, mama wa Kihindi, jirani wa ukuta wa nyuma. Ba alikuwa akianika kokwa za amla juani, kwenye sinia, mpaka zipasuke zenyewe, kwa sababu ukizigonga nyundo na mbegu zinasagika. Ndani ya kokwa mna mbegu sita, ndogo, za kahawia. Akampa Bibi zake, naye akapanda zake upande wa pili. Mche wa Ba ukaliwa na mbuzi, akaotesha mwingine baadaye. Wetu ukapona, ukarefuka, ukaupita ukuta.

Kuulea hakukuwa na taabu. Ulipokuwa mchanga tuliunywesha kila jioni na kuufunika udongo wake kwa makuti makavu. Ulipokomaa haukudai maji mengi, na jua la kaskazi halikuushughulisha. Taabu ilikuwa kufagia. Amla haudondoshi jani moja moja kama mwembe. Huangusha vijiti vizima na vijani vyake, na ufagio wa chelewa unavipitia juu juu.

Bibi alikuwa na mbolea yake, maji ya shombo, yale aliyooshea samaki. Ba hali nyama wala samaki, na alipomwona akiumwagia mti maji hayo, alinuna siku kadhaa. Kwao huo ni mti wa ibada: katika mwezi wa Kartik, wa kalenda ya Kihindu, wanawake huuzunguka, wakaufunga uzi shinani, wakala chakula chini yake. Bibi akaomba radhi, akaacha. Yaani aliacha kumwaga mchana.

Miaka ikaenda. Kila msimu maua yalijaa, madogo, ya umanjano wa kijani, yamebanana kwenye vijiti, nyuki hawapishani. Kisha yote chini, nasi na ufagio.

Basi Ijumaa moja akaja mkwezi kuangua madafu. Bibi akamwomba panga, akajifunga leso kiunoni, akatuita sote uani. Kaka yangu alicheka, akafinywa. Mimi sikucheka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu.

"Wewe," Bibi akauambia mti, "nimekulea kama nilivyowalea hawa. Maji umekunywa. Samadi umekula. Kivuli chako hakimtoshi hata kuku. Kazi yako kunijazia takataka. Leo nakukata, nipande mpapai."

Akaupiga kwa bapa. Paa! Vijani vikatumwagikia vichwani. Akaugeuza mkono, safari hii kwa makali, na gome jembamba la kijivu likabanduka. Nikaenda kulikumbatia shina, nalia, na Bibi akaniambia nitoke, kwa sauti ambayo sikuwa naijua kwake.

Hapo kichwa cha Ba kikatokea juu ya ukuta. Sijui alipanda nini. Ba alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji wa Kale, si kile wanachowaigizia Wahindi kwenye vichekesho.

"Bibi, ngoja! Wataka kumwua mtoto wa watu?"

"Mtoto gani? Huyu mzima, na hana alichozaa."

"Mimi namdhamini. Mwakani asipozaa, shoka nakuletea mwenyewe."

"Wamdhamini kwa nini?"

"Kwa achari."

Bibi akafikiri. Nasema akafikiri, kwa sababu panga lilibaki juu muda mrefu kuliko mchezo unavyohitaji, na mkwezi mwenyewe alianza kusogea. Jasho lilimtiririka Bibi kwenye mashavu. Ba ameng'ang'ania ukuta, hacheki. Kisha panga likashuka.

"Umesikia?" Bibi akauuliza mti. "Una mdhamini."

Baadaye niliambiwa ndivyo mti usiozaa unavyofanywa: mmoja atishe, mwingine aombee. Huenda. Lakini lile pigo la pili mimi nililiona kwa karibu, na mpaka leo sijaamini kwamba wote wawili walikuwa wanaigiza.

Mwaka uliofuata mti ukazaa mpaka tawi moja likakatika, maana matawi yake ni mepesi kuvunjika. Tulikula amla kwa chumvi na pilipili, nyuso zimekunjana, halafu tukakimbilia mtungini kwa sababu ukinywa maji baada yake yanakuwa matamu. Ba akatia achari, akachemsha mafuta ya nywele kwa nazi. Akatangaza pia kwamba mti umezaa kwa kuwa shombo lilikoma. Bibi akatazama pembeni.

Mimi niko upande wa muuza miche, ndiyo maana nimelipia miwili. Panga langu lipo nyuma ya mlango wa jikoni, kwa kazi zake nyingine.

Mjomba, aliyesomea kilimo, alijaribu kumweleza Bibi mwaka uleule. Maua ya kiume ni mengi, alisema, ya kike machache, na mara nyingi chavua ya mti wenyewe haiufai. Hutaka ya jirani. Mti wa pili wa Ba, ule uliopandwa baada ya mbuzi, ndiyo kwanza ulikuwa umechanua. Ndiyo maana yote miwili ilizaa pamoja.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Wangu nimeungoja miaka," akasema. "Wa Ba umezaa kwa maua yake ya kwanza. Wajua kwa nini?"

"Kwa sababu wako ulikuwa tayari, Mama."

"La. Ulisikia mwenzake akitishwa. Ukuta wenyewe mfupi."

Mjomba hakujibu. Alikuwa ametia amla nzima kinywani.