Kiti cha katoni na uenyekiti wangu Kaptembwo

Kiti cha kwanza tulichotengeneza kililiwa na panya. Walianzia pale pa kuwekea miguu, na ilipofika Jumapili kilikuwa kimelegea upande mmoja, mwanangu akikikalia anainama kama mgomba uliopigwa na upepo. Nilikaa mlangoni nikacheka mpaka jirani akaja kuniuliza kama niko sawa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba gundi ya unga ni chakula.

Viti hivi ni vya katoni za dukani, magazeti ya zamani na unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito. Unabandika katoni juu ya katoni, unaweka mawe juu zigandamane, unakata kwa vipimo vya mtoto, unavisha magazeti, halafu unaanika juani siku kadhaa. Mwisho unapaka rangi ya mafuta, koti mbili au tatu, na hiyo ndiyo dawa ya panya, ingawa sisi tulijua baadaye. Usijaribu mwezi wa nne. Mvua ya Nakuru ikianza, kiti kinaota ukungu kabla hakijakauka ndani.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa bila kulia. Mpaka anatimiza miaka minne alichokuwa anakiona kwa siku nyingi ni mabati ya juu, kwa sababu shingo na mgongo havikuwa vimeshika na nilikuwa namlaza. Kwenye kiti kilichopimwa mwili wake, magoti yamekunjika vizuri, nyayo zimekanyaga, kimeza kiko mbele ya kifua, mikono ilipata nafasi. Alishika kijiko. Uji mwingi uliingia sikioni, lakini alishika kijiko.

Kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kilianzia kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, hospitalini mjini. Tulikuwa akina mama wanne kutoka mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, hapa Nakuru, kila mmoja na mtoto mgongoni ndani ya leso, na watoto wenyewe si wadogo. Makanga wengine walitutoza viti viwili, wengine wakasema gari limejaa huku tunaona nafasi. Siku moja mama anayeuza viazi akapiga hesabu hapo hapo: nauli zetu wanne kwa mwezi mzima, tukiziweka pamoja, zinamlipia mmoja kwenda kila wiki akajifunze zoezi, arudi atufundishe plotini, na chenji inabaki. Tulipomweleza daktari wa mazoezi alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Akina mama, mkifanya hivyo, mimi mwenyewe nitakuja mara moja kwa mwezi. Niandalieni chai tu." Yeye ndiye aliyetuonyesha viti vya katoni.

Watu wananiuliza tulitangaza vipi mpaka tukafika hapa. Hatukutangaza. Tulianika viti nje.

Kaptembwo ploti moja inaweza kuwa na milango kumi na mbili na choo kimoja, ungedhani hakuna siri inayokaa. Mimi niliishi miaka miwili bila kujua kwamba mlango wa tano kutoka kwangu kuna msichana wa miaka tisa ambaye hajawahi kutoka nje mchana. Nyanya yake alipita akaona kiti kidogo cha rangi ya samawati kinakauka juu ya mtungi. Akasimama. Akauliza ni cha nini. Nikamweleza. Akaenda zake bila neno, akarudi jioni giza limeingia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna kitu nataka uje uone." Mwaka huo watu kumi na mmoja walikuja hivyo hivyo, wengi wao jioni. Baadhi walikuwa wameambiwa ni laana, mmoja alikuwa ameachwa na mume kwa ajili hiyo. Sikuwahubiria. Nilitoa utepe wa fundi cherehani nikapima mtoto.

Korona ilitusimamisha Machi 2020 kama kila mtu. Tulipigiana simu, basi. Tuliporudi kukutana tulikuwa wengi kuliko tulivyoachana, na mwaka uliofuata, Desemba, Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, tukataniana kwamba sasa sisi ni kikundi cha jijini.

Usajili tuliufanya baada ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua kumi. Idadi haikuwa shida. Shida ilikuwa katiba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ilitaka tuandike kikundi ni cha nani, tukaandika "wazazi na watoto wao", mimi mwenyekiti, mama wa viazi mweka hazina. Kumbuka hilo neno, wazazi, nitalirudia.

Cheti kikaleta wageni. Waliokuja kwanza walileta viti vya magurudumu, vizuri, vinang'aa, na vyote vya watu wazima. Mtoto wa kilo kumi na mbili akikaa humo anazama, mgongo unapinda, na kumpima kabla ya kumpa ndiyo nusu ya kazi. Tulipiga picha na wageni, tukashukuru, wakaenda. Kiti kimoja sasa kinabeba mitungi ya maji. Simlaumu yule mama. Maji ni mbali na magurudumu ni magurudumu. Lakini tangu siku hiyo anayetaka kutuletea kitu tunamwomba kwanza aje na utepe wa kupimia. Wengine hawajarudi.

Pesa nusura zituvunje. Tulikuwa na mfuko mmoja: unaweka akiba, unakopa, unarudisha na riba, Desemba tunagawana. Mwenye biashara anarudisha. Mwenye mtoto wa kifafa aliyelazwa wiki mbili anarudisha na nini? Tukaanza kuwafuata akina mama wenzetu milangoni kama wadai wa dukani, na wawili wakaacha kuja. Walipoacha kuja, watoto wao wakaacha mazoezi, yaani kikundi cha kusaidia kikawa ndicho kinachowafungia watoto ndani. Nililala vibaya wiki hiyo. Mama wa viazi ndiye aliyetenganisha vitabu: kimoja cha mikopo, na kingine tulichokiita mfuko wa mtoto, shilingi ishirini kila mkutano, hazikopwi, hazigawanywi Desemba, zikitoka kwa dawa au nauli zimetoka. Nilikwenda mwenyewe kwa wale wawili kuomba msamaha. Mmoja alirudi.

Sasa lile neno. Watu wazima wenye ulemavu walikuwa wameanza kuja, mmoja mmoja, wakidhani kikundi ni chao pia. Fundi viatu wa hapa stendi, anayetembea kwa magongo tangu polio ya utotoni. Dada mmoja kiziwi anayesuka nywele. Wazee wawili wasioona. Walitaka msaada wa mambo ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana safari za hospitali kukaguliwa na kujaziwa fomu zinachosha, na pia Inua Jamii, ile elfu mbili ya serikali kwa mwezi. Tuliwasaidia, ndiyo. Tuliwaketisha nyuma.

Siku ya uchaguzi fundi viatu akanyoosha gongo badala ya mkono. Akasema, "Mwenyekiti, kwa heshima. Katiba ya Kenya, ibara ya 54, serikali inatakiwa kufikisha angalau asilimia 5 ya watu wenye ulemavu kwenye nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Tunailalamikia kila siku. Hapa mezani kwenu ni asilimia ngapi?"

Meza ilikuwa na viongozi sita. Hesabu haikuwa ngumu.

Nilikasirika, sitadanganya. Nilisema mimi ndiye niliyebandika katoni ya kwanza. Akajibu, "Tunajua, mama, na mtoto wako atakuwa mtu mzima." Nilinuna wiki tatu. Nilichokosa kujibu ni jambo dogo zaidi aliloliongeza akitoka: mikutano yetu ilikuwa ghorofani, chumba tulichopewa na kanisa, ngazi kumi na saba. Alikuwa amezihesabu kila mwezi. Sisi tuliozoea kubeba hatukuwahi kuziona.

Nikaachia. Yeye akawa mwenyekiti, dada msusi akawa katibu, na tukabadilisha lile neno kwenye katiba ya kikundi. Mambo mengine yalienda mrama: mikutano ikawa mirefu, kwa sababu kila kitu sasa kinapitia lugha ya ishara, na hatumtumii tena mtoto wa jirani, kama zamani, kutafsiri mambo ambayo mtoto hafai kuyasikia. Wazazi watatu walihama wakisema watoto wao wamesahauliwa. Mwenyekiti mpya hapendi viti vya katoni, anasema mbao zinadumu, tunabishana. Lakini tumehamia darasa la chini, na mwaka jana wanachama waliopata kadi walikuwa wengi kuliko miaka yangu yote ukiijumlisha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa hapo darasani, mwanangu kitini, cha tano sasa maana anarefuka. Nilikuwa na la kusema kuhusu rangi ya mafuta iliyopanda bei, nikaanza tu kuongea kama nilivyozoea. Mwenyekiti akagonga sakafu kwa gongo.

"Mama, zamu yako ni ya nne."

Nikakaa.