Fremu Yetu ya Ohio

Baba yangu alijenga fremu mbili mbele ya nyumba yetu Tanga. Moja alimpangisha fundi cherehani, nyingine akampa Mangi wa duka la rejareja. Kila alipokuja mtu kuulizia, baba hakuanza na bei. Alimzungusha fremu nzima, akamwonyesha mlango, dari na mahali pa kuegesha baiskeli, na moyoni alikuwa anapima jambo moja: huyu akiondoka kesho, nani mwingine ataitaka? Nilikuwa mtoto, sikulitilia maanani. Miaka mingi baadaye swali hilo ndilo lililotuongoza mimi na mume wangu tuliponunua jengo la duka katika mji wa watu wapatao 1,400, kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Ohio.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku Columbus, mume wangu anaendesha lori. Kwa miaka mingi tulikuwa na nyumba mbili za kupangisha, kila moja ya familia mbili. Zilitulisha, lakini zilituchosha. Januari 2021 tanuri la kupasha joto lilizimika katika nyumba moja, nje theluji, mpangaji ana mtoto mchanga, mume wangu yuko barabarani Nebraska, na mimi nimevaa sare naelekea kazini. Usiku ule nilimlipa fundi mara mbili ya bei ya kawaida, nikaenda wodini nikiwa nimechoka kabla sijamgusa mgonjwa wa kwanza. Asubuhi nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba tuuze.

Tatizo la kuuza Marekani ni kodi ya serikali kwenye faida, pamoja na ile inayorudi kudai nafuu ya kodi uliyokuwa ukijipunguzia kila mwaka kwa uchakavu wa jengo. Mhasibu wetu ndiye aliyetueleza kifungu cha 1031 cha sheria ya kodi. Ukiuza jengo la biashara au la kupangisha na kununua lingine, kodi inaahirishwa, mradi usiziguse fedha za mauzo. Anazishika mtu wa tatu. Una siku 45 za kuandika majengo unayoyataka, na kwa kawaida hayazidi matatu, kisha siku 180 tangu kuuza za kukamilisha ununuzi. Siku hizo hazisimami kwa sikukuu wala kwa ugonjwa. Tulikamilisha mauzo tarehe 4 Juni 2021. Niliandika tarehe 19 Julai kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na 1 Disemba chini yake.

Nyumba zote mbili zilileta dola 520,000. Baada ya kulipa deni la benki na gharama za mauzo, zilibaki 392,000.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitajia maduka ya dola, yaani yale ya bidhaa ndogondogo za bei nafuu. Mkataba wao wa pango huitwa wa neti tatu: mpangaji analipa pango, na juu yake anabeba kodi ya mali, bima na matengenezo. Mwenye jengo anapokea pango tu. Biashara yenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani. Dollar General, iliyoanzia Scottsville, Kentucky, mwaka 1939, sasa ina maduka zaidi ya 20,000, na mengi yako katika miji midogo ambayo maduka makubwa ya Walmart yameiruka. Mara nyingi kampuni hizi hazimiliki jengo. Mjenzi analijenga, anasaini nao mkataba wa miaka 15, kisha anamuuzia mtu kama mimi. Nilipomweleza baba kwa simu, alicheka kwa furaha. “Kumbe ni duka la Mangi,” akasema. Halafu akanyamaza kidogo. “Sasa mama, huyo Mangi akihama?”

Sitamtaja mpangaji wetu wala dalali wa kwanza. Dalali huyo alituletea duka la jimbo jirani kwa bei iliyotupendeza mno. Karatasi yake ilisema kwa herufi kubwa kwamba ni neti tatu na mwenye jengo hana kazi yoyote. Niliomba mkataba wenyewe. Ilimchukua siku tisa kuutuma, na siku tisa katika 45 ni nyingi. Niliusoma mezani jikoni baada ya zamu, rula mkononi nisiruke mstari. Ukurasa wa kumi na moja ulisema paa, kuta, msingi na lami ya maegesho ni juu ya mwenye jengo. Mitambo ya hewa nayo, gharama ikizidi kiasi fulani. Jengo lilikuwa la miaka ya tisini na mkataba ulikuwa umebakiza miaka minne tu.

Hata hivyo tulikwenda kuliona, kwa sababu bei ilituvuta. Tukiwa njiani, kama maili mbili kabla ya kufika, mume wangu alipunguza mwendo. Pembeni mwa barabara kuu kulikuwa na kiwanja kimesawazishwa, vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa, na kibao cha mjenzi. Tuliegesha, tukamuuliza kijana aliyekuwa kwenye greda panajengwa nini. Akataja jina la duka lile lile tulilokuwa tunakwenda kulinunua.

Hapo niliielewa hatari ambayo karatasi za mauzo haziisemi. Mpangaji wa namna hii mara nyingi hafungwi na mkataba kuendelea kufungua duka. Anafungwa kulipa pango tu. Anaweza kuhamia jengo jipya kubwa zaidi, akafunga lile la zamani, akaendelea kukulipa hadi siku ya mwisho ya mkataba, kisha akakuachia ganda tupu katika mji ambao umeshazoea kununua kwingine. Tuligeuza gari bila hata kufika dukani. Nilihuzunika, maana zilibaki siku 22.

Duka tulilolinunua lilikuwa la pili kwenye orodha. Kutoka Columbus ni mwendo wa saa mbili na nusu, na hilo nililitaka kwa makusudi. Marafiki walinishauri nitafute popote Marekani, mradi asilimia ya pango kwa bei iwe nzuri. Mimi nilitaka fremu ninayoweza kuifikia kwa gari siku ya mapumziko na kurudi usiku huo huo.

Nilikwenda mara tatu kabla ya kusaini. Mara ya kwanza Jumanne asubuhi, ya pili Ijumaa jioni, ya tatu Jumapili watu wakitoka kanisani. Nilikaa kwenye gari nikiandika walioingia na walichobeba wakitoka: maziwa, karatasi za msalani, chakula cha mbwa, maputo ya siku ya kuzaliwa. Bibi mmoja mwenye mkongojo alinunua mkate na betri, nikamsaidia kufungua mlango wa gari lake. Aliniambia duka la mboga la mji lilifungwa zamani na Walmart iko maili 27. Alisema hivyo bila kulalamika, lakini mimi niliumia kidogo. Ndani ya duka lile hapakuwa na nyanya wala jani la mchicha. Mangi wetu alikuwa jirani, alimkopesha mama yangu unga na kuandika kwenye daftari. Hili ni duka la watu wa mbali, na mimi nilikuwa naja kuwa mmoja wao. Nililibeba hilo, na bado ninalibeba.

Kisha nikafanya kazi ya baba. Katika Ohio, rekodi za mali hukaa kwenye ofisi ya mkaguzi wa kaunti na zinafunguliwa kwa kila mtu, kwa hiyo niliangalia viwanja vyote vikubwa pembezoni mwa barabara ile kuona kama kuna kilichouzwa kwa mjenzi wa maduka. Hakikuwepo. Idara ya usafirishaji ya jimbo hutoa hesabu za magari kwa siku, nikaona barabara haijapoteza magari kwa miaka kadhaa. Halafu nikampigia dalali wa mji huo, mzee anayeuza mashamba, nikamuuliza swali lenyewe: likibaki tupu, nani atalitaka? Alifikiri. Duka la vipuri vya magari, akasema, au zahanati, au muuza chakula cha mifugo. Nikamuuliza kwa pango gani. Akasema si zaidi ya dola tano kwa futi ya mraba.

Mpangaji wetu alikuwa analipa 68,600 kwa mwaka kwa futi za mraba 9,100, yaani dola saba na nusu na ushee. Maana yake akiondoka, pango linashuka kwa theluthi moja hata nikibahatika kupata mwingine. Wengi wanaonunua hawaigusi hesabu hiyo. Kwangu ndiyo iliyoamua bei. Muuzaji alitaka 1,050,000. Tulimwonyesha hesabu, tukakubaliana 980,000, yaani pango la mwaka ni asilimia saba kamili ya bei.

Mkataba ulianza Septemba 2016 na unaisha 2031. Mpangaji ana hiari ya kuongeza miaka mitano mara tano, na kila anapoongeza pango linapanda asilimia kumi. Paa na lami ni juu yetu hapa pia. Safari hii nilijua tangu mwanzo, nikaviweka kwenye bei. Mwanasheria alidai barua ya mpangaji inayothibitisha kwamba mkataba ndio huo na hakuna madai yaliyofichwa. Tulilipia pia ukaguzi wa mazingira, kwa sababu kiwanja cha jirani kiliwahi kuwa kituo cha mafuta. Udongo ulikuwa salama.

Benki ndogo ya eneo hilo ilitukopesha 588,000 kwa riba ya asilimia 4.25. Marejesho yalipigwa kama ya miaka 25, yaani karibu 3,185 kwa mwezi, lakini deni lote lililobaki linadaiwa baada ya miaka saba, Septemba 2028. Pango la mwezi ni kama 5,717. Kinachobaki ni dola 2,530 hivi.

Mwaka wa kwanza nilijikwaa kwenye jambo dogo. Kodi ya mali mpangaji ndiye mbebaji, lakini utaratibu wa mkataba wetu ni kwamba mimi nalipa kaunti kwanza, kisha natuma stakabadhi nirudishiwe. Mimi nililipa, nikasubiri. Nusu mwaka ukapita. Nilipofungua tena mkataba nikakuta muda wa kutuma stakabadhi unakaribia kwisha, na fedha zenyewe zilikuwa zaidi ya dola 6,000. Nilituma kwa barua ya kusainiwa siku hiyo hiyo, zikarudi baada ya wiki tano. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Nikanunua daftari la jalada gumu, na kila tarehe ya duka lile sasa imo humo.

Paa lilikuja masika ya 2023. Meneja wa duka alipiga simu kwamba maji yanadondoka juu ya rafu za sabuni. Tulipanda na fundi. Ni paa la bati lililofungwa kwa skrubu, na kila skrubu ina kipete cha mpira chini ya kichwa chake. Fundi alikigusa kimoja kwa kidole kikamomonyoka kama mkate mkavu. Jua na baridi vilikuwa vimevikausha vyote, maelfu. Tulibadilisha skrubu upande mzima wa kusini na kuziba viungo, dola 11,400. Zilitoka kwenye akiba ya paa tuliyokuwa tunaweka, 500 kila mwezi tangu siku ya kwanza, na kidogo mfukoni. Sikupigiwa simu usiku, sikukosa zamu. Nilikuwa na wiki mbili za kulinganisha mafundi watatu, kitu ambacho tanuri la Januari halikunipa kamwe.

Kinachoninyima usingizi ni ile 2028. Tuliponunua, riba zilikuwa chini. Kufikia Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha kiwango chake hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Machi 2024 Dollar Tree, iliyoinunua Family Dollar mwaka 2015, ikatangaza kufunga karibu maduka 1,000, mengi ya Family Dollar. Nilisoma habari hiyo wakati wa mapumziko ya zamu, chai ikapoa. Siku deni letu litakapodaiwa, mkataba wa mpangaji utakuwa umebakiza miaka mitatu tu, na hakuna benki inayopenda kutoa mkopo mpya kwa mkataba uliobakiza miaka mitatu.

Kwa bahati nilikuwa nimeiomba benki, kabla ya kusaini, iandike kwamba tunaweza kulipa zaidi bila faini. Tangu Januari 2022 tunaongeza 1,500 kila mwezi juu ya rejesho. Tukiendelea hivyo, 2028 tutakuwa tunadaiwa kama 340,000 badala ya 480,000. Hesabu hiyo niliifanya kwa dola tano za yule mzee wa mashamba: hata mpangaji akiondoka na jengo likapata wa bei ya chini, pango linaweza kubeba deni la kiasi hicho. Kwa hiyo fedha za duka hatujazila. Ndugu wengine wanashangaa tuna jengo la karibu milioni na bado naingia zamu za usiku.

Mwezi uliopita niliiandikia idara ya majengo ya mpangaji, huko makao makuu yao. Nimewaambia nitaweka lami mpya maegesho yote na kubadilisha taa, wao wasaini miaka mitano ya nyongeza sasa, wasisubiri 2031. Nimeambatisha makadirio ya mkandarasi na picha za nyufa. Wamejibu kwa mistari miwili kwamba wanaipitia. Baba ananiuliza kila Jumapili kama Mangi amesaini. Namwambia bado, baba, na wiki ijayo tunapanda tena juu kuangalia skrubu za upande wa kaskazini.